Waya gani wa mtandao uko ukutani kwako? Mwongozo kamili wa kuutambua kabla hujalipia spidi kubwa

Kuna namba moja ukiiona kwenye kipima spidi, acha kwanza kuipigia simu kampuni ya intaneti, namba yenyewe ni 94. Umelipia kifurushi cha Mbps 200, faiba imefika mpaka sebuleni, kwa waifai ukikaa karibu na ruta unapata 190 na kitu, halafu unachomeka laptopu kwenye soketi ya ukutani chumbani unakuta 93, 94, na haivuki hapo hata upime usiku wa manane watu wote wamelala. Hiyo inamaanisha mahali fulani njiani pamekubali Mbps 100 tu, na hizo sita zinazopungua zinaliwa na data za kuendeshea mtandao wenyewe. Mara nyingi pahali penyewe ni waya ulioko ukutani, au ncha zake.

Shida ni kwamba wengi wetu hatujui ukutani kuna nini. Umepanga nyumba umekuta soketi, mwenye nyumba anakwambia "hiyo ni Cat6 bwana, nilifunga kitu cha maana" (Cat na namba yake ni daraja la waya wa mtandao), fundi aliyefunga kahama mji na namba haipatikani. Matokeo yake wengine wanapasua ukuta kuvuta waya mpya wakati ule wa zamani ulikuwa mzima kabisa na ubovu uko kwenye plagi ya shilingi mia chache, na wengine wanauamini waya kwa sababu umeandikwa Cat6 kumbe ndani ni alumini. Mimi nasimamia hivi: maandishi ya kwenye ganda ni madai tu, ushahidi ni metali iliyoko ndani, namna ncha zilivyofungwa, na spidi inayopita. Kwa hiyo tutasoma maandishi, lakini hatutaishia hapo.

Vifaa na usalama kwanza

Bisibisi bapa na ya nyota, wembe au kisu kikali, simu yenye kamera na tochi, koleo dogo. Ukiweza kupata testa ya mtandao ile ya taa nane na multimita ya kawaida, vizuri zaidi, ila hata bila hivyo utafika mbali. Pia uwe na waya mmoja mfupi wa mtandao ambao una uhakika ni mzima, huo utakusaidia sana mwishoni.

Usalama sasa, na hapa nasisitiza. Usifungue soketi yoyote ya umeme ukidhani ni ya mtandao, na kama kasha moja la ukutani lina umeme na mtandao pamoja (mafundi wengine wanachanganya, ni kosa kubwa lakini lipo) zima meni swichi kwanza ndio uguse. Waya wa simu ya mezani nao ukiwa hai unabeba volti kama 48, na simu ikiita zinapanda, utashtuka. Waya unaoenda kwenye kamera au antena ya juu ya paa unaweza kuwa umebeba umeme wa PoE (umeme unaopita kwenye waya uleule wa mtandao), chomoa upande wa swichi ya mtandao (kiboksi cha kugawa mtandao) au adapta kabla hujakata chochote. Na ukikutana na faiba usichungulie ncha yake hata kidogo, mwanga wake hauonekani kwa macho kwa hiyo usijidanganye eti mbona hauwaki.

Hatua ya 1: Anzia pale intaneti inapoingilia nyumbani

Watu wanaanza na soketi ya chumbani, mimi nakushauri anzia nje. Toka, tazama ni waya gani unatoka kwenye nguzo au paa na kuingia ndani, kwa sababu huo ndio utakaokwambia kila kilichoko baada yake kinapaswa kuwa nini.

Kama ni waya mweusi mwembamba, bapa, mgumu kiasi, una waya wa chuma ubavuni wa kuushikilia kwenye nguzo, hiyo ni faiba. Ndani utaishia kwenye kiboksi kidogo cheupe ukutani, halafu kamba nyembamba ya faiba yenye plagi ya mraba ya rangi ya kijani inaingia kwenye ruta. Kijani maana yake uso wa kioo cha ndani umekatwa kwa mshazari, bluu umekatwa kawaida, hizo mbili haziunganishwi pamoja, ukizilazimisha mwanga unapotea na uso unaharibika. Faiba ya majumbani iwe ni ya TTCL huku kwetu au ya Safaricom kule Kenya, haitembei chumba kwa chumba, inaishia kwenye ruta na kuanzia hapo ni nyaya za kawaida. Kwa hiyo mtu akikwambia "nyumba nzima ina faiba" muulize ni mpaka wapi.

Kama ni waya mnene wa duara, mweusi au mweupe, wenye plagi ya kuzungusha kama nati na sindano moja katikati, huo ni waya wa dishi. Unaweza kuwa unatoka kwenye dishi la TV kweli, lakini baadhi ya mitaa ya Nairobi intaneti ya Zuku imekuwa ikiingia nyumbani kwa waya wa aina hii hii, kwa hiyo ufuate mpaka mwisho uone unaishia kwenye dikoda au kwenye modemu.

Kama ni waya mwembamba wa nyuzi mbili au nne na unaishia kwenye kisoketi kidogo cha simu, hiyo ni laini ya zamani ya simu ya mezani. Nyumba nyingi za miaka ya nyuma Upanga, Oysterbay, na nyumba za mashirika ya umma bado zinazo.

Na kama juu ya paa kuna kiantena cha kupokea intaneti ya mawimbi, waya unaoshuka toka pale kwa kawaida ni wa mtandao wa nje, ganda jeusi, na chini unaingia kwenye kiadapta cha PoE kabla ya ruta.

Hatua ya 2: Angalia tundu kabla ya kufungua

Kwenye kila soketi ya ukutani piga tochi ndani ya tundu uhesabu meno. Soketi ya mtandao ni pana na ina meno manane. Ya simu ni nyembamba zaidi, ina meno mawili au manne. Plagi ya simu inaingia kwenye tundu la mtandao ikiwa legevu, ndio maana watu wanachanganya, lakini ya mtandao haiingii kwenye la simu. Ya dishi ina uzi wa nati. Ya kamera za ulinzi za zamani unaichomeka halafu unaizungusha robo inajifunga.

Sasa kuona meno manane usishangilie mapema. Nimeona nyumba ambazo waya wa simu wa nyuzi nne umefungwa kwenye soketi ya meno manane kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani siku hiyo. Tundu linakwambia fundi alinunua soketi gani, basi.

Hatua ya 3: Fungua soketi, soma ganda

Toa skrubu mbili, vuta fremu taratibu, usivute kwa nguvu maana waya wa ziada mara nyingi ni mfupi sana na ukitoka kwenye soketi utaanza kazi usiyoipanga. Tafuta maandishi kwenye ganda. Yanakuwa madogo, yamefifia, na vumbi la saruji limekaa juu, kwa hiyo futa na kitambaa chenye unyevu kidogo, piga tochi kwa pembeni siyo moja kwa moja, piga picha halafu uikuze. Kama hapo hayaonekani, nenda upande wa pili pale nyaya zinapokusanyika, au darini, kwa sababu maandishi hurudiwa kila baada ya umbali mfupi.

Utakutana na mstari wenye vitu kama UTP, CAT5E, 4PR (jozi nne), 24AWG, na namba ya mita. Soma hivi:

Cat5 bila herufi e ni wa zamani. Usiutupe haraka, maana kiwango cha gigabiti (Gbps 1, yaani Mbps 1000) cha mwaka 1999 kilitengenezwa kwa kuufikiria huohuo, na kwa umbali wa nyumbani ukiwa mzima mara nyingi unapitisha Gbps 1. Cat5e ndio waya wa kawaida kabisa majumbani, Gbps 1 mpaka mita 100. Cat6 unapitisha Gbps 1 kwa mita 100 na Gbps 10 kwa umbali mfupi, kama mita 55 kukiwa na nafasi nzuri na 37 hivi nyaya zikiwa zimebanana kwenye fungu moja. Cat6A unafika Gbps 10 kwa mita 100 zote, ni mnene na mgumu kukunja, majumbani ni nadra. Ukiona Cat7 au Cat8 kwenye waya wa bei rahisi, mimi nautilia shaka moja kwa moja. Cat7 wenyewe Wamarekani wa TIA (chama kinachoweka viwango vya nyaya hizi) hawakuutambua kwenye viwango vyao, na Cat8 umetengenezwa kwa vyumba vya seva na mwisho wake ni mita 30, nyumba ya mtu haina kazi nao.

UTP maana yake jozi zimesokotwa hazina karatasi ya metali. Ukiona F/UTP kuna karatasi moja ya metali imezunguka jozi zote, S/FTP kila jozi ina karatasi yake na kuna wavu nje. Hizo zenye karatasi zinahitaji soketi za metali na kuunganishwa na ethi, la sivyo karatasi ile haikusaidii kitu, na kwa nyumba ya kawaida huna sababu ya kuihangaikia.

AWG, au geji, ni unene wa uzi, na namba inakwenda kinyume: 23 ni mnene kuliko 24, na 26 ni mwembamba zaidi. Cat5e kwa kawaida ni 24, uzi wa milimita 0.51 hivi, Cat6 kwa kawaida ni 23, kama milimita 0.57. Ukiona waya wa ukutani umeandikwa 26, ulitakiwa uwe waya mfupi wa kuunganishia kompyuta, siyo wa kufukia ukutani.

Halafu zile namba za mita, watu wanazipita bila kujua faida yake. Soma namba iliyo karibu na soketi, kasome na iliyo upande wa ruta, toa ndogo kwenye kubwa, umepata urefu wa waya ulioko ukutani. Kama huku ni 214 na kule ni 187, una mita 27. Iandike, tutaitumia.

Hatua ya 4: Maandishi hayapo au huyaamini

Chuna ganda sentimita tatu kwa mwisho wa waya. Usikate kwa kukandamiza wembe, zungusha kidogo halafu kunja ganda litakatika lenyewe, nyuzi za ndani zisiguswe. Hesabu: nyuzi nane katika jozi nne ni waya wa mtandao. Nyuzi nne katika jozi mbili ni wa simu, au ni ule wa mtandao wa ujanja unaouzwa rahisi wenye jozi mbili tu, huo hautapita Mbps 100 hata ufanyeje kwa sababu gigabiti inatumia jozi zote nne.

Tazama msokoto. Kwenye Cat6 jozi zimesokotwa kwa kubana zaidi, na mara nyingi katikati kuna kiplastiki cha umbo la msalaba kinachotenganisha jozi. Ukikiona ni dalili nzuri ya Cat6, usipokiona siyo lazima iwe Cat5e, zipo Cat6 halali zisizo nacho. Uzi mmoja mgumu ndani ya kila rangi ndio wa ukutani, ukikuta ni vinyuzi vingi laini basi mtu alivuta waya wa kuunganishia vifaa akaufanya wa kudumu, na ule haushikiki vizuri kwenye soketi za kugongea.

Hatua ya 5: Kopa au alumini?

Hapa ndipo nataka utulie, kwa sababu hiki ndicho kinachotuumiza zaidi madukani kwetu, kuanzia Kariakoo mpaka Luthuli Avenue. Kuna waya ambao uzi wake ni alumini iliyopakwa kopa kwa nje, kwenye boksi unaandikwa CCA, na mara nyingine hauandikwi kabisa. Ukiutazama juu juu ni mwekundu kama kopa. Bei iko chini, fundi anapata faida, wewe unalala nao miaka kumi. Viwango vya TIA na vya kimataifa vinataka kopa tupu, kwa hiyo waya wa CCA ulioandikwa Cat6 siyo Cat6, haijalishi umechapishwa vizuri namna gani.

Ubaya wake ni upi? Alumini inazuia umeme zaidi ya kopa, kwa hiyo ukipitisha PoE kwenye kamera waya unapata joto na volti zinapungua njiani, kamera inazimika usiku pale taa zake zinapowaka. Ni laini na inavunjika ukiikunja mara chache, kwa hiyo ukifunga soketi upya nyuzi zinakatika moja moja. Na sisi wa pwani, Dar, Tanga, Zanzibar, Mombasa, unyevu na chumvi vinaingia kwenye ncha pale kopa na alumini zinapokutana, zinaliwa taratibu, mtandao unaanza kukatika katika bila sababu unayoiona.

Kipimo cha kwanza ni wembe. Kata kipande cha sentimita nne kwenye mwisho wa waya, vua plastiki ya uzi mmoja, ulaze mezani ukwangue upande mmoja kwa wembe mara tano sita. Kopa ukikwangua inabaki nyekundu ndani kwa ndani. Alumini inatoka nyeupe yenye kung'aa, na utepe mwekundu unaubakiza pembeni tu. Halafu kata uzi huo kwa upana, elekeza kamera ya simu kwenye mkato, uikuze: katikati pakiwa peupe na kizingo chekundu kimezunguka, jibu umepata. Angalizo moja, kuna kopa iliyopakwa bati, hiyo ni kinyume chake, nyeupe nje nyekundu ndani, hiyo ni nzuri.

Cha pili ni moto. Shika uzi ulio mtupu kwa koleo, uko nje ya nyumba, uwashie kiberiti cha gesi. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi joto 660 na kopa kwenye 1085, kwa hiyo uzi mwembamba wa alumini unalegea, unainama na kukatika, wa kopa unakuwa mwekundu tu na unabaki na umbo lake. Usichome ukiwa na plastiki yake, moshi ule ni sumu.

Cha tatu ni multimita, na hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote kwa sababu kinaupima waya wote ulioko ukutani siyo kile kipande ulichokishika. Chomoa waya pande zote mbili. Upande mmoja vua uzi wa bluu na wa nyeupe-bluu uzisokote pamoja. Upande mwingine weka multimita kwenye ohm, gusanisha kwanza ncha zake zenyewe uone inasoma ngapi (mara nyingi sehemu kidogo ya ohm moja, utaitoa baadaye), halafu pima kati ya bluu na nyeupe-bluu. Kopa tupu ya geji 24 inatoa kama ohm 17 kwa mita 100 za kwenda na kurudi, geji 23 ni kama 13 na nusu, na mwisho unaoruhusiwa na kiwango ni karibu 19. Sasa chukua zile mita 27 tulizozipata: kopa ya geji 24 inatakiwa isome kama ohm 4.6, na isizidi 5.1 hivi. Ukisoma 7 au zaidi, waya ni alumini, au ni kopa nyembamba sana ya geji 26, au kuna kiungo kibovu katikati. Kipi kati ya hivyo? Wembe utakwambia kuhusu metali, na ukipima jozi zote nne utajua kuhusu kiungo, kwa sababu kiungo kibovu kinaharibu jozi moja au mbili wakati alumini inaharibu zote kwa kiasi kinachokaribiana.

Sumaku usiitegemee kwa hili, haivuti kopa wala alumini. Inafaa kwenye waya wa dishi ambao uzi wake wa kati mara nyingi ni chuma kilichopakwa kopa, na kwa kazi ya dishi hiyo ni kawaida usishtuke.

Hatua ya 6: Chunguza ncha, huku ndiko ubovu mwingi unakokaa

Waya ukiwa ni kopa nzuri ya Cat5e na bado unapata 94, karibu kila mara shida iko kwenye ncha. Tazama soketi kwa nyuma na plagi ya upande wa ruta. Mpangilio wa rangi wa B ambao ndio umezoeleka zaidi, ukishika plagi meno yakikuelekea wewe na mkia wa waya ukiwa chini, kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Mpangilio wa A unabadilishana tu jozi ya chungwa na ya kijani. Yoyote ni sawa mradi pande zote mbili zifanane.

Sasa kosa linalowapiga chenga watu wengi. Fundi asiyejua anapanga rangi kwa kufuatana zinavyotoka: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, kijani, nyeupe-bluu, bluu, nyeupe-kahawia, kahawia, na anafanya hivyo hivyo upande wa pili. Testa ya taa nane inawaka moja mpaka nane bila kasoro, anakwambia kazi imeisha. Lakini mtandao unataka jino la 3 na la 6 ziwe jozi moja iliyosokotwa pamoja, na yeye la 3 kaliweka nyeupe-kijani na la 6 bluu, nyuzi za jozi mbili tofauti. Zinaingiliana kelele, gigabiti inashindwa au inakatika katika. Testa ya taa haioni kosa hili, ila jicho lako linaona kwa sekunde mbili: kijani na nyeupe-kijani zikikaa jirani kwenye 3 na 4, ndilo hilo.

Angalia pia kama waya mmoja umegawanywa kwenye soketi mbili, nyuzi nne huku nne kule. Ni ujanja wa kuokoa waya, na kila soketi inabaki na Mbps 100. Hii inarekebishika bila kuvuta waya mpya: rudisha nyuzi zote nane kwenye soketi moja, na ukihitaji matundu mawili weka swichi ndogo hapo.

Na msokoto usifunguliwe kupita milimita 13 kabla ya kuingia kwenye soketi. Ukiona fundi kafungua sentimita tano ili iwe rahisi kupanga, funga upya.

Hatua ya 7: Jua kila waya unaishia wapi

Mtandao unataka kila soketi iwe na waya wake unaorudi sehemu moja. Nyaya za simu zilikuwa zinaruka kutoka soketi hadi soketi kwa mfuatano. Ukifungua soketi ukakuta nyaya mbili zimefungwa kwenye meno yale yale, umekuta mfuatano, na huo haufai kwa data bila kuukata na kuweka swichi kati. Kutafuta mwisho wa waya tumia testa ya mlio, au kwa bei ya bure: sokota nyuzi mbili za rangi moja chumbani, nenda kwenye fungu la nyaya upime kwa multimita upi umeungana. Bandika utepe uandike, chumba kwa chumba.

Hatua ya 8: Mpe waya mtihani

Chomeka laptopu kwenye ruta kwa ule waya mfupi mzima. Kwenye Windows ingia mipangilio ya Ethernet, angalia palipoandikwa Link speed. Kwenye Linux andika ethtool na jina la kadi yako, tafuta mstari wa Speed. Ukiona 1000, ruta na laptopu zote ni za gigabiti, sasa rudia kupitia ukutani. Ikishuka kuwa 100, waya au ncha zake. Lakini kama hata kwa waya mfupi ni 100, basi kifaa ndicho kinachobana: ruta nyingi za bei ndogo, na TV nyingi hata za bei mbaya, tundu lake ni la Mbps 100, hapo waya umesingiziwa.

Kuandika 1000 hakutoshi kwa waya wa alumini au wenye rangi zilizokosewa, unaweza kukubali 1000 halafu ukapoteza data. Kama una kompyuta mbili weka programu ya kupimia spidi ya iperf3 kwenye zote, moja iwe kwenye ruta na ya pili chumbani, iache iendeshe dakika kumi. Waya mzima wa gigabiti unatoa kama Mbps 940 na unatulia hapo. Ukiona unaruka 900, 300, 700, rudi hatua ya 5 na 6.

Umejua ni upi, unafanya nini?

Cat5e ya kopa: baki nayo. Tangu 2016 kuna kiwango cha Gbps 2.5 kinachopita juu yake mita 100, na vifurushi vingi vya nyumbani haviifikii hata Gbps 1. Kuing'oa ili uweke Cat6 ni kutupa pesa.

Alumini: kwa kompyuta ya umbali mfupi inayofanya kazi vizuri iache mpaka utakapopata nafasi, ila usiipitishie PoE.

Waya wa simu: usiulazimishe kubeba mtandao. Kama umepita ndani ya bomba una thamani ya kamba ya kuvutia: funga waya mpya kwenye ncha yake kwa utepe, mmoja anavuta huku mwingine anasukuma kule. Kama umefukiwa kwenye plasta bila bomba hautavutika, usijaribu.

Waya wa dishi usiotumika: zipo adapta za MoCA zinazopitisha mtandao kwenye waya wa dishi, unaweka moja kila upande, zile za toleo la 2.5 zinafika mpaka Gbps 2.5. Lakini kamwe usizifunge kwenye waya ambao dishi linautumia. Dishi linashusha mawimbi ya MHz 950 mpaka 2150 na MoCA inakaa humo humo katikati, tena dikoda inapandisha volti 13 au 18 kwenda kwenye dishi, adapta inaweza kuungua.

Ukilazimika kununua waya mpya, mwambie muuzaji unataka kopa tupu, geji 23 kwa Cat6 au 24 kwa Cat5e, na kwamba utakwangua uzi palepale kaunta kabla ya kutoa hela. Beba boksi la mita 305 mkononi, la kopa ni zito waziwazi kuliko la alumini la ukubwa uleule. Muuzaji akikukataza kukwangua, nenda duka la pili. Na ukishafungua bomba, vuta nyaya mbili kwa kila chumba badala ya moja, maana gharama kubwa ni fundi na usumbufu, siyo zile mita ishirini za ziada.